Thallus wa Kisima cha Bata Watatu

Waombolezaji wenzetu, wazee wa mtaa, mafundi wa chama cha wachonga mawe, na wewe Bwana Turpidius Celer, uliyeacha shughuli zako ukaja mwenyewe hadi huku kwenye barabara ya makaburi ukasimama mstari wa mbele na joho la msiba, familia inawasalimu na inaomba utulivu, kuni zimeshapangwa, divai imeshamwagwa, wapiga filimbi wamenyamaza, na kabla mtoto wa marehemu hajawasha moto tunataka msikie mtu huyu alikuwa nani, alizaliwa wapi, alifanya nini na alikifanya mwaka gani, hasa mwaka gani.

Msomaji wa historia hii ni Naevius Proculus, msokota kamba, kaka wa mjane, yaani shemeji wa marehemu, na kama kuna anayeona kazi hii ingemfaa mtu mpole zaidi basi amlaumu marehemu mwenyewe, maana ndiye aliyesema kitandani, mbele ya tabibu, "Asome Proculus, hana adabu, na siku hiyo adabu haitatusaidia kitu." Tumesikia pia minong'ono tangu langoni, mke gani huyu asiyemzika mumewe, na wanawake wa mtaa wa Bata Watatu wako wapi, mbona tumekuja wanaume watupu, jamani, msiwe na haraka, kila jambo lina mahali pake katika historia hii na hilo tutalifikia. Ila tunatangaza mapema, ili hata walioegemea kaburi la muuza mafuta kule nyuma wasikie, kwamba tarehe zitasomwa moja moja, na yeyote anayejua kuwa tarehe fulani si ya kweli anyanyue mkono hapo hapo, asingoje kwenda kuyasema mbele ya hakimu.

Marehemu Aulus Turpidius Thallus alizaliwa tarehe 9 Juni, mwaka wa nane wa Kaisari Vespasiani, katika kambi ya machimbo ya marumaru kwenye milima ya Luna, mtoto wa pekee wa Mirina, mtumwa aliyekuwa akiwapikia wachimbaji uji, baba yake hakutajwa na sisi hatutamtaja kwa kubahatisha. Watumwa wengi hawajui siku yao ya kuzaliwa, lakini yeye aliijua, kwa sababu ni siku ile punda wa kinu wanapovishwa mashada ya maua na mikate shingoni, na mama yake alikuwa akimwambia, "Wewe ulizaliwa siku ambayo hata punda amepumzika, nikawa mimi peke yangu kazini."

Kwa upande wa elimu, marehemu hakukaa mbele ya mwalimu hata siku moja. Mwezi wa Julai, mwaka wa tano wa Kaisari Domitiani, akiwa na miaka tisa, alipakiwa melini pamoja na mawe, mama yake akabaki milimani na hawakuonana tena, akashushwa hapa Ostia na kununuliwa na Aulus Turpidius Macer, mfanyabiashara wa marumaru, ambaye ndiye baba mzazi wa Bwana Celer. Tindo na nyundo alifundishwa kwa makofi na fundi Eutyches, herufi akajifunza kwa kuzichonga kwenye mawe ya makaburi, ndiyo maana hadi uzee wake aliweza kuandika "hapa amelala" kwa mwandiko wa kupendeza, lakini barua ya kawaida ilimtoa jasho. Kwa miaka ishirini na moja alichonga madhabahu, taa, mafuvu ya ng'ombe na mashada ya matunda kwa ajili ya nyumba ambazo hakuwahi kukaribishwa ndani, na kila alichochonga kilikuwa mali ya bwana wake, hilo hatulipingi, ndiyo sheria, mtumwa na kazi ya mikono yake ni vya mwenye mtumwa.

Sasa tegeni sikio. Tarehe 3 Septemba, mwaka wa kumi wa Kaisari Trajani, akiwa ametimiza miaka thelathini, marehemu alisimamishwa mbele ya hakimu wa mji, fimbo ikamgusa, bwana wake akamzungusha na kumwachia mkono, akatoka pale na kofia ya mtu huru kichwani na jina la ukoo alilopewa na bwana wake. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, Mzee Macer alikuwa na mkono mzito na ulimi mzito zaidi, lakini siku ile alifanya jambo la kiungwana, akachinja, akapikisha maandazi ya asali, na wewe Bwana Celer ulikuwepo, ulikuwa na miaka kumi, ulijipaka asali hadi kwenye nyusi. Tunairudia, tarehe 3 Septemba, mwaka wa kumi wa Trajani. Kuna mkono? Hakuna. Bwana Celer anatikisa kichwa kukubali, na wote mmemwona, ahsante sana bwana.

Siku hiyo hiyo, mchana, kwenye uwanja wa mawe kando ya mto, palikuwa na pande la nguzo ya marumaru lililopasuka ubavuni, limelala mchangani miaka na miaka, kunguru wanalinyea, na Mzee Macer akiwa amechangamka kwa divai akalipiga teke na kusema mbele ya watu watano, "Thallus, leo nakupa uhuru na mzigo juu yake, chukua na hili pande bovu, likikushinda lifanye kiti." Marehemu hakucheka, aliupapasa ule ufa kwa kidole kama tabibu anavyopapasa mfupa, akaona kwamba ufa haukufika upande wa pili, akasema, "Ahsante bwana, nimelichukua." Katika watu hao watano wanne wameshatangulia, majivu yao yako kwenye barabara hii hii, na wa tano ni fundi Eutyches, yule pale kwenye kigoda, tunamshukuru kufika, ana miaka themanini na tisa na masikio yamefunga kabisa, ukimuuliza habari za jiwe atakujibu habari za mvua.

Ndoa ya marehemu ilianzia kwenye pande hilo la nguzo, kwa sababu lilihitaji kamba ya kulivutia, naye akafika kwenye kibanda chetu ambako dada yetu Naevia alikuwa akiuza kamba za nyasi. Naevia akamuuliza, "Ya kuvutia nini?" akajibu, "Jiwe." "La nani?" "Langu." "Loo, wewe kofia yako bado ina harufu ya dukani, jiwe umelipata wapi?" Akasema, "Ndicho kitu pekee nilicho nacho," na dada yetu, ambaye hajawahi kumpa mteja kitu cha bure tangu azaliwe, akaivua kutoka ukutani kamba nene kuliko zote na kumwambia, "Hiyo uliyoshika itakukatikia, nenda na hii, jioni uirudishe." Jioni hakuirudisha, akaja na udhuru, kesho akaja na udhuru mwingine, na kwa miezi tisa mfululizo jamaa yule alileta udhuru peke yake, mpaka tarehe 24 Juni, mwaka wa kumi na moja wa Trajani, alipomwoa mwenye kamba, na kamba yenyewe mpaka leo hatujaiona. Shemeji, tunakudai kamba.

Miungu ya chemchemi na ya nyumbani ikawajalia watoto wawili. Wa kwanza ni Hilara, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili, mwaka wa kumi na mbili wa Trajani, chumba cha juu, nyumba ya pembeni, mtaa wa Bata Watatu, yaani mwaka mmoja na miezi saba baada ya baba yake kuachwa huru. Siku ya nane, tarehe 9 Aprili, mtoto alipopewa jina, mke wa Mzee Macer alimtumia zawadi ya kidani cha fedha chenye umbo la mwezi mchanga, na aliyetumwa kukileta ni mwanawe wa miaka kumi na miwili, ambaye njiani alikitia jino kuona kama ni fedha kweli, kikabaki na alama kwenye ncha ya kushoto, Naevia akamwambia, "Bwana mdogo, zawadi huwa haing'atwi," mtaa ukacheka wiki nzima. Kuna mkono wa kupinga tarehe hiyo? Bwana Celer, tunakuona unatazama viatu, ni viatu vizuri, lakini tarehe tumeisoma, na jino lilikuwa lako.

Sasa kisima. Mtaa wetu ulikuwa na kisima kabla haujawa na jina, maji yake ni matamu kuliko ya bomba la mji, muoka mikate atawaambia, lakini mdomo wake ulikuwa wa matofali mabovu na mbao zilizooza, na katika mwaka wa kumi na tatu wa Trajani mke wa dobi, Mama Optata, aliteleza pale akaning'inia kwa viwiko huku ndoo yake ikienda zake chini. Marehemu alisikia kelele, akashuka ngazi mbio, akamtoa, na kesho yake akaanza kulichonga lile pande la nguzo nyuma ya tanuri la mikate, kila jioni baada ya kazi, akalitoboa katikati bandu bandu hadi akaona upande wa pili, kazi iliyochukua mwaka mmoja na miezi saba, akiwa mtu huru, kwa tindo zake mwenyewe, kwenye jiwe lake mwenyewe, na Silvanus mwanawe, ambaye alizaliwa tarehe 30 Januari, mwaka wa kumi na saba, bado anazitumia tindo hizo, zile pale, tumeziweka miguuni pa marehemu mzione, kila moja ina alama ya pande la nguzo na wala si alama ya karakana ya Macer.

Kwa kawaida mdomo wa kisima huchongwa mabinti wa chemchemi wakicheza, warembo, wote sura moja, nywele kama zimetoka kwa msusi mmoja. Marehemu akachonga wanane, wameshikana mikono kuzunguka jiwe, lakini nyuso zao zilikuwa za wanawake wa mtaa wetu wanaoteka maji kila asubuhi, mke wa muoka mikate mkono kiunoni, mama muuza dengu na jicho lake moja lililolegea, na alipolifunua siku ya kwanza palizuka ugomvi ambao hata mbwa walikimbia. Mama Optata alisimama mbele ya uso wake, akauliza, "Huyu mwenye kidevu kama kiatu ndiye mimi?" na marehemu akajibu polepole, "Mama Optata, kidevu ni chako, kiatu umekitaja mwenyewe," yule mama akamrushia kitambaa kilicholowa usoni, kisha akarudi jioni peke yake akakipapasa kile kidevu, na tangu siku hiyo hakumruhusu mtu mwingine kuosha upande wake. Wa nane ni Naevia, na kiunoni amembeba Hilara, shingoni mwa mtoto kuna mwezi mchanga, na kwenye ncha ya kushoto ya mwezi huo kuna alama ya jino.

Tusimame hapo kidogo. Alama ya jino ipo kwenye jiwe, mtu yeyote mwenye kidole anaweza kwenda kuigusa, na sisi tunauliza tu, mtumwa Thallus angewezaje kumchonga mtoto ambaye hajazaliwa, amevaa kidani ambacho hakijaletwa, kimeng'atwa na mtu ambaye hajaking'ata?

Jiwe liliwekwa mahali pake tarehe 13 Oktoba, mwaka wa kumi na nne wa Trajani, siku ya Sikukuu ya Chemchemi, wakati visima vyote vinapovishwa mashada na hakuna anayeteka. Divai ilimwagwa, asali ikamwagwa, jiwe likatolewa kwa mabinti wa chemchemi na kwa mtaa mzima, si kwa nyumba ya mtu, na aliyerusha shada la kwanza ndani ya maji ni Hilara, akiwa na miaka miwili na nusu, ambaye alikataa kuliachia mpaka baba yake alipomwambia, "Liachie mwanangu, lina kiu." Mtoto huyo alifariki kwa homa tarehe 11 Februari iliyofuata, mwaka wa kumi na tano, akiwa ameishi miaka miwili, miezi kumi na siku tisa, na hapa familia haina la kuongeza, iliuma na inauma.

Ila jambo moja mlijue, ninyi msiotoka Bata Watatu. Kwa miaka ishirini na moja kamba zimepita juu ya ukingo wa jiwe lile, kamba zetu, laini, za nyasi, na bandu bandu huisha gogo, zimelila jiwe na kuacha mifereji ya kina cha kidole, marehemu akimtania mkewe, "Mama Hilara, wewe na kakako mnanitafunia kazi yangu," lakini kuna sehemu moja ya ukingo, pana kama viganja viwili, ambayo haina mkwaruzo hata mmoja, ni ile iliyo juu ya kichwa cha mtoto. Hakuna aliyetangaza amri, wala hakuna aliyekatazwa. Wanawake wa mtaa wetu hawakupitisha kamba juu ya mtoto yule, hata siku za foleni, hata wapangaji wageni wasiojua habari zake, walisogezwa kando kwa mkono na kuambiwa, "Huku, dada, huku."

Mzee Macer alifariki mwaka wa nane wa Kaisari Hadriani, marehemu akambeba begani mpaka kaburini kama inavyompasa aliyeachwa huru. Bwana Celer akarithi, akajenga nyumba ya pwani yenye bustani, na mwezi wa Agosti uliopita, mwaka wa kumi na sita wa Hadriani, alikuja Bata Watatu akalizunguka jiwe mara tatu, akasema, "Mzee Thallus, lile ulilolichonga ulipokuwa wetu, nimelipatia mahali pazuri." Marehemu akamuuliza kwa upole, "Bwana mdogo, una kisima huko?" Akajibu, "Kisima cha nini? Nitalijaza udongo nipande maua, wageni walione wakitoka kuoga." Waliokuwepo wanasema marehemu alisema, "Jiwe la kisima pasipo kisima ni mdomo pasipo koo, na hili lina mwanangu, halitajazwa udongo mara ya pili," akaendelea kula dengu zake. Bwana akapandisha sauti, jiwe halina jina lililoandikwa, tindo zilikuwa za baba yake, saa zilikuwa za baba yake, mchongaji alikuwa wa baba yake. Ni kweli halina jina, nafasi ya jina alimpa mama muuza dengu kwa sababu mabega yake ni mapana.

Halafu likaja kosa ambalo mji mzima umelicheka, na sisi tutalisoma hata kama kuna mtu linamkera. Bwana Celer alitafuta siku ambayo kisima hakina foleni wala ndoo wala kamba, akauliza, akaambiwa ipo, tarehe 13 Oktoba, basi akatuma wabebaji wanane na magogo ya kuviringishia. Mtu aliyezaliwa maji yakimfuata chumbani kwa bomba atajuaje kwa nini siku hiyo watu hawateki? Watu wake wakalikuta jiwe limevaa mashada tangu ukingoni hadi chini, na kila mtu anajua kwamba anayevua shada la kisima kabla jua halijatua, chemchemi humkaukia yeye na watoto wake, wakasimama wameficha mikono mgongoni, msimamizi wao akasema, "Bwana, sisi tunabeba mawe, hatubebi laana," wakala maandazi ya sikukuu pamoja nasi na magogo wakayaacha, muoka mikate akayatia tanurini. Ndipo bwana akaenda kwa hakimu, na kesi imepangwa tarehe 20 mwezi huu, siku kumi kutoka leo, na kila mtu katika mji huu anajua kwamba siku ya kesi aliye na kitu mkononi ndiye anayesikilizwa kwanza.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kukohoa mwaka wa kumi na nne wa Hadriani, kikohozi cha wachonga mawe, vumbi linaloingia kidogo kidogo na halitoki. Tabibu Hermias alimpa asali na siki, maziwa ya mbuzi, akampeleka hewa ya baharini, na mwisho akamwambia ukweli, "Mzee, kifua chako ni machimbo," marehemu akacheka mpaka akatema damu. Hali ilibadilika mwishoni mwa Februari, akawa haongei ila kwa vipande, na tarehe 6 Machi alimwita mkewe, mwanawe na shemeji yake akasema maneno haya, ambayo tuliyaandika hapo hapo kwenye kibao cha nta tusije tukaambiwa tumeyatunga, "Siku mtakayonibeba mimi ndiyo siku watakayolibeba jiwe, mtaa utakuwa mtupu, wote mko makaburini mnalia. Mama Hilara, usinifuate. Mimi hakuna atakayeniiba. Kaa na mtoto."

Alifariki tarehe 7 Machi, mwaka wa kumi na sita wa Kaisari Hadriani, saa ya nne asubuhi, chumba kile kile cha juu, dirisha likiwa wazi upande wa kisimani, akiwa ameishi miaka hamsini na mitano, miezi minane na siku ishirini na sita, na kati ya hiyo miaka ishirini na mitano na nusu aliishi akiwa mtu huru.

Basi, ninyi mliokuwa mnanong'ona, mmejua mjane yuko wapi. Dada yetu hakumkimbia mumewe, alimwosha kwa mikono yake, akamfunga macho, akamwita jina mara tatu kama inavyotakiwa, akamsindikiza hadi kona ya mtaa, pale akambusu kwenye paji la uso, akageuka. Na wanawake wa Bata Watatu wakageuka naye, kila mmoja na kigoda chake.

Tuwieni radhi, kuna mtu anakuja mbio kutoka langoni, mpisheni, ni Mama Optata, mpeni nafasi apumue, umri wake si wa mbio hizi. Haya. Haya, tumesikia. Hili halimo kwenye maandishi lakini litasomwa.

Mama Optata anasema gari lilifika saa tano, la ng'ombe wanne na wabebaji wanane, wale wale. Wakawakuta wanawake kumi na sita wamekaa wamelipa jiwe mgongo, na Naevia katikati amejifunga kwenye jiwe kwa kamba, mizunguko saba, kamba nene, ya zamani, na Mama Optata anasema fundo lilikuwa la kiukoo, kwa hiyo shemeji, kamba yetu imeonekana, dada yetu alikuwa nayo mwenyewe muda wote huo. Msimamizi akasema, "Mama, tumetumwa jiwe," Naevia akamjibu, "Libebeni, ila mtabeba na mjane wake, na bwana wenu awaeleze wageni wake mimi ni ua gani." Yule msimamizi akainama kumwangalia mtoto kwenye jiwe, akauliza hii alama kwenye kidani ni ya nini, wanawake wakamweleza kwa pamoja, kumi na sita kwa mpigo, akasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaenda akakaa kwenye kivuli cha gari lake. Hakuna aliyeguswa.

Familia sasa inatoa shukrani. Tunamshukuru tabibu Hermias, ambaye hakutudanganya. Tunamshukuru muoka mikate aliyelisha wafiwa siku zote hizi, dobi aliyetakasa sanda bila kuombwa, na majirani wa ngazi zote nne za nyumba yetu waliopanda na kushuka na maji hadi magoti yakawauma. Tunakishukuru chama cha wachonga mawe kwa kuni, kwa wapiga filimbi, na kwa mafundi waliokesha wakimtengenezea marehemu kibao cha kaburi, na safari hii jina lipo, kubwa, mnaliona kutoka barabarani. Fundi Eutyches, ahsante kwa makofi yako, yalimfaa.

Na Bwana Turpidius Celer, tunakushukuru kwa namna ya pekee, kwa kufika, kwa kusimama karibu kiasi cha kusikia kila tarehe, na kwa kutonyanyua mkono mbele ya watu wote hawa, ambao majina yao Silvanus anayaandika pale kwa ajili ya hakimu. Usiwe na wasiwasi na mali yako, gari liko salama, watu wako wamekula, na Mama Optata anasema waliona kiu wakaomba maji, dada yetu akajifungua mkono mmoja akawatekea yeye mwenyewe, wakanywa wote wanane, na ng'ombe wako wanne wakanyweshwa mpaka wakashiba, maji ya kisima kile kile, na kamba ilipita upande wake wa siku zote.

Silvanus, njoo na moto. Aulus Turpidius Thallus, mtu huru, mume wa Naevia, baba wa Hilara na Silvanus, pumzika sasa, amani iwe yako na udongo ukulalie mwepesi, mtoto hajasogezwa.